Ndoo ya Bluu

Barua ya jimbo imefika leo, karatasi nzuri, nzito,
na ndani yake sentensi moja tu yenye maana:
mwaka huu Benki Kuu haitagawa kitu.

Mimi ni mhasibu wa kijiji, Madlaina Tschuor,
miaka kumi na tisa kwenye meza hii inayotazama mlima.
Bajeti nilikwisha kuiandika, tena kwa wino,
nikalitia gawio lile katika mstari wa nne
kama mtu anayehesabu maziwa ya chai ya kesho.

Mstari wa nne ulikuwa paa la shule.

Darasani kwa mwalimu Duri kuna ndoo ya bluu.
Theluji ya juu ikianza kuyeyuka, saa nne asubuhi,
ndoo nayo huanza somo: ndo. Ndo. Ndo ndo.
Watoto wamejifunza kuzidisha kwa mdundo huo.
Haba na haba, niliwaambia siku moja, hujaza kibaba.
Nilimaanisha akiba.
Mtoto mmoja akainyoshea ndoo kidole.

Benki ilifanya nini? Balzer, fundi wa paa,
aliniuliza hivyo, ngazi ikiwa begani.
Nikamwambia: dunia iliingiwa na hofu, ikazigombea faranga zetu
kama watu wagombeavyo mishumaa umeme ukikatika.
Faranga ikapaa. Jibini letu likawachacha wanunuzi ng'ambo kabla hawajalionja.
Basi Benki ikaumba faranga mpya, ikazimwaga sokoni,
ikazoa euro, dola, hatifungani, hisa
za kampuni za simu, za soda, za vidonge vya usingizi,
mpaka mizania yake ikauzidi uchumi wa nchi kwa mwaka mzima:
ng'ombe, mahandaki ya reli, na jasho lako wewe, Balzer.

"Kwa hiyo ni tajiri."

Ni tajiri. Upande wa kushoto.
Upande wa kulia imo noti iliyo mfukoni mwako.
Ahadi ni deni; hilo ni deni lao kwako,
na hujawahi kwenda kuwadai.

Alicheka. Akaitoa, akaigeuza, akairudisha.

Miaka ya neema ilikuwa chururu, si ndo ndo ndo.
Tulijenga bwawa la kuogelea. Tuling'arisha kengele.
Nani humhoji ng'ombe anayekamuliwa?
Riba iliposhuka sifuri, kisha chini ya sifuri,
Bi Onna alihamishia akiba yake
kwenye tanuri la mkate lisilowashwa tena.
Watu wa Zurich wakakopa karibu na bure, wakanunua
nyumba saba za Mtaa wa Juu. Madirisha yamefungwa tangu Pasaka.
Binti yangu amepanga bondeni, chumba kimoja,
na kodi yake ya mwezi inaupita mshahara wangu wa kwanza.

Kisha riba ikapanda, hatifungani zikaporomoka,
faranga ikanenepa na kila dola ghalani ikakonda.
Hasara ikawa na sifuri nyingi
hata gazeti likazigawa katika mistari miwili.
Na Benki haikufilisika.
Hapo ndipo niliposhindwa kumfafanulia Balzer,
na, nikisema kweli, hata nafsi yangu:
shimo lile halimmezi aliyelichimba.
Linasafiri, taratibu, chini kwa chini,
linaibukia huku, kwenye dari ya darasa la tatu.

Siwalaumu. Labda bila wao kiwanda cha jibini kingefungwa,
na Duri asingekuwa na mtoto wa kufundisha.
Hilo nalo nimeliandika, pembeni,
kwa kalamu ya risasi.

Wino haufutiki. Mstari wa nne nimeukata kwa rula.
Mizania ya kijiji sasa imelingana, kushoto na kulia,
hadi senti ya mwisho.
Nikafunga ofisi, nikapitia shuleni,
nikaimwaga ndoo nje, juu ya theluji,
nikairudisha mahali pake.
Pana duara la chaki sakafuni. Duri ameshalichora.